Chenga

Kila siku ya kumi na mbili
chombo hupita juu ya Pamir,
hakipigi hodi, hakijali usiku wala mawingu.
Hutuma wimbi, husubiri mwangwi,
huondoka na hesabu ya njia, kwenda na kurudi.

Mimi nakaa Khorog, ghorofa ya pili,
jiko la umeme likizimika na kuwaka,
nalaza picha ya leo juu ya picha iliyotangulia
kama fundi cherehani anayelinganisha mikono ya shati.
Palipotulia, rangi hutulia.
Palipojongea, rangi hujikunja:
samawati, manjano, waridi, samawati tena,
na kila mkunjo ni sentimita mbili na nukta nane,
upana wa kidole gumba cha baba.

"Unapima mlima kwa vidole gumba?"
aliniuliza siku nilipomweleza.
"Mimi napima kwa mawe."

Nekqadam, baba yangu, ana ndoo ya rangi nyekundu
aliyowaomba wajenzi wa daraja.
Kila Juni hupanga mawe ishirini na moja juu ya barafu,
mstari mnyoofu, ukingo hadi ukingo.
Agosti mstari umepinda.
Jiwe la kati limetangulia, ya pembeni yanaburuta miguu.
Huandika kwenye daftari la shule,
nyuma ya ukurasa wa madeni ya unga:
*la kumi na moja, hatua arobaini.*
*La tatu limemezwa. Nimeweka lingine.*

Miaka sita yeye na chombo walikubaliana;
tofauti yao haikuzidi shibiri.
Hata mteremko ulio juu ya shule,
unaobonyea milimita nne kwa mwaka,
baba alishaujua kwa dirisha lisilofungika.

Halafu Machi hii
picha ikaja bila mikunjo.
Kwenye ulimi wa barafu, mahali pa rangi,
chenga. Chenga tupu,
kama televisheni ya Bibi Savsan antena ilipoanguka,
kama mchele wa mwisho wa gunia.
Mkuu wangu, Mamadshoev, akasema, "Data mbovu.
Futa, usubiri inayofuata."
Nikaweka kidole juu ya kitufe.

Wimbi hulinganisha tu.
Uso ukisogea, ukabaki ule ule, litaujua.
Ukivunjika, ukapinduka,
kipande kikapanda mgongoni mwa kipande
kati ya kupita na kupita,
wimbi linarudi mikono mitupu.
Na mikono mitupu nayo ni barua.

Nikaachana na rangi, nikafuata madoa,
yale machache yaliyosalia kutambulika:
mita tisa kwa siku.
Kutoka ulimi hadi mtoni, mita mia tatu.
Nikagawanya mara mbili, nikiomba niwe nimekosea.

Mtandao haukuwapo. Redio ya polisi ilikuwapo.
Baba akaja saa tatu baadaye, akihema.
"Mawe yanasemaje?"
"Machi hii, Nozigul? Mawe yako stoo.
Ila usiku sahani zinaongea kabatini."
Nikamweleza. Akanyamaza, kisha,
"Barafu imekupiga chenga."
"Imetupiga sote, baba. Mita tisa."
Nikasikia kalamu ikikwaruza.
"Kwa vidole gumba?"
"Mia tatu ishirini na kitu. Kila siku."
"Nianze na ng'ombe, au watu wa mtoni?"
"Watu wa mtoni."
"Savsan hatakubali."
"Mbebe."

Chombo kikapita. Kikapita tena.
Kwenye rada bati hung'aa,
maji matulivu ni meusi.
Mara ya tatu, barafu ilikuwa imelala kuvuka mto,
na pale mapaa saba yalipokuwa yaking'aa
palikuwa weusi mmoja, laini, wenye umbo la jani.

Nikatazama juu zaidi, kwenye malisho,
ambako miaka sita sijaona kitu.
Nukta. Ndogo, kali kama ncha ya sindano.
Mtu amepanda na bati lake.
Nikakuza picha.
Pembeni yake, ya pili.
Nikaendelea kuhesabu.