Kumwogesha Watasema

Jumamosi, jua halijaruka ukuta wa Bi Mwanahawa,
nafunga kamba kwenye mpera, naita: Watasema!
Jina alilitoa marehemu, mlinzi wa mkonge Pongwe,
siku alipomleta kikapuni na mtaa ukanyamaza.

Ndoo mbili, maji ya uvuguvugu, nimeyapima kwa kiwiko.
Brashi ya katani, nimeifunga mwenyewe.
Nakwenda na manyoya, siyaendei kinyume.
Nyuma ya sikio la kushoto, kupe,
mnene kama punje ya mbarika.
Simnyofoi kwa papara, kichwa kisije kikabaki nyamani.
Kibano, taratibu, kisha kopo la mafuta ya taa.
Wa pili. Wa tatu.
Wa sita kajibanza kati ya vidole.

Sikio nalinusa: halina harufu, alhamdulillahi.
Ufizi naubonyeza: unapauka, unarudisha wekundu wake.
Kucha za nyuma leo sikati.
Mwezi wa Mei nilimtoa damu
akanilamba, kana kwamba mkosaji ni yeye.

Na mimi miaka tisa sikumgusa!
Sahani nilimsukumia kwa mpini wa ufagio,
marehemu akicheka: “Hali mikono huyo, Mama Shekue.”

Anajikung'uta. Kanga za jirani kambani zinalowa.
Nanawa mara saba, moja kwa udongo,
Bi Mwanahawa juu ya ukuta ananihesabia:
“Ya sita hiyo!”
Ya saba nanawa nikimtazama.

Jumatatu chanjo ya kichaa, uwanja wa shule, Makorora.
Kadi ina saini nne, zote za marehemu.
Ya tano nitatia mimi,
palipoandikwa: mwenye mbwa.