Pete Tano

Daktari Narantuya alinifunga pete tano za mpira
ndani, pale mishipa ilipovimba kama kupe walioshiba.
"Kama watoto wa farasi wafungwavyo kambani
mama zao wakamuliwe," nikamwambia nilipozinduka.
Akacheka. Mtu wa mjini, hajakamua hata mbuzi.
"Usile cha moto. Usinywe cha baridi. Lala."

Nikarudi hemani kwetu, kilimani, penye moshi wa makaa,
Ulaanbaatar ikikohoa chini yangu.

Usiku wa pili nilimeza funda moja la chai ya chumvi.
Likafika katikati ya kifua, likasimama.
Kisha mkono ukafumba ngumi.

Si mfano. Ngumi yenye vidole.
Ikakaza, ikalegea kidogo nipate kutumaini, ikakaza.
Maumivu yakapanda tayani, yakashuka mgongoni,
yakakaa baina ya mabega
kama tandiko lililofungwa na mlevi.
Nikajua: huu ndio moyo. Baba alikufa hivi hivi,
mguu mmoja kwenye kikuku.

Oyunbileg hakupiga yowe. Alitafuta buti zangu,
akanivika la kushoto mguu wa kulia,
akamwamsha jirani mwenye gari lisilo na hita.
Njiani nikamwambia zilipo karatasi za deni.
Nikamwambia na ile chupa, nyuma ya kabati.
"Niliimwaga mwezi wa tisa," alisema,
bila kunitazama.

Wakanibandika nyaya. Mstari ukatambaa,
vilima na mabonde, vilima na mabonde, kama nyika ya kwetu.
"Moyo mzima," akasema kijana wa zamu, akipiga miayo.
"Ni njia ya chakula. Imefungwa, imeudhika, inajikunja."
Kidonge chini ya ulimi. Maji vuguvugu, kwa kijiko.

Miaka hamsini na minane
nimemeza mafuta ya kondoo, nimemeza upepo, nimemeza matusi,
nimemeza na yale niliyopaswa kuyasema,
wala koo halikunidai.

Sasa kila funda naliombea ruhusa.
Zitadondoka zenyewe, daktari alisema,
siku ya kumi hivi, wala hutahisi kitu.

Oyunbileg anapuliza uji, anaonja, anangoja.
Nataka kumuuliza kuhusu mwezi wa tisa,
miezi yote ile alikuwa akijua, akinyamaza.

"Umekuwa vuguvugu," anasema. "Fungua."