Toa Gunia

Mwezi wa tatu, msimu umelala,
ghala letu la Tandahimba limebaki na harufu tu,
mafuta ya korosho na vumbi la katani.
Meneja Chinguile akatuita watano.
"Sileti mgeni aje kuandika programu.
Mtaandika nyie. Kazi mnaijua."
Tukatazamana. Nandonde, mpakiaji,
akavificha viganja vyake mfukoni.

Mwalimu ni Blandina, katokea Ndanda,
umri wa mwanangu wa pili.
Siku nzima nilisaka alama ya mkato
kama chawa kwenye mshono,
na kompyuta ikinigombeza kwa maandishi mekundu.
"Huyo ni mdudu, Bi Somoe. Ndivyo tunavyomwita."
Mdudu! Nikacheka hadi miwani ikaanguka.
Mdudu namjua mimi: yule anayefyonza chipukizi la mkorosho
mpaka likakauka kama limeunguzwa.

Wiki ya pili akafundisha *kama*.
Kama hivi, fanya vile; la sivyo, fanya hivi.
Hapo nikakaa sawasawa kitini.
Binti, hayo nimeyasema miaka ishirini na moja,
kalamu sikioni:
kama unyevu umezidi, karudi ukaanike;
kama kuna mawe, mwaga uchambue;
kama gunia ni la mjomba wa fulani...

nikanyamaza.

Akafundisha *rudia mpaka*.
Rudia mpaka foleni iishe.
Nandonde akatoa viganja mfukoni:
"Hiyo ni mimi," akasema, "na mgongo wangu."

Jana tukafika kwenye mizani.
Uzito halisi ni uzito wote, toa gunia.
Gunia tupu ni kilo moja. Nimelipima mwenyewe.
Ila mkono wangu, misimu yote hiyo,
uliandika mbili,
kwa kuwa walionitangulia waliandika mbili,
na mkulima wa Mahuta ana njaa, hana muda wa kusoma risiti,
na kilo moja, tuliambiwa, haijengi nyumba.

Nyumba zimejengwa.

Daftari halikuwahi kuniuliza kitu.
Hii mashine inauliza.
"Toa ngapi, Bi Somoe?"
Blandina hajui anachouliza.
Kistari kinawaka, kinazimika,
kinawaka.
Meneja kasimama mlangoni na kikombe chake,
hanywi.

Nikabonyeza moja.
Nikahifadhi upesi,
kabla kidole hakijakumbuka.