Hodi kwa Isobel

Bahasha ilipenyezwa mlangoni Jumanne,
nyepesi kama haina kitu.
Ndani: kibao cha kijani, kidogo kuliko kiberiti,
rezista tano, kapasita moja, taa moja nyekundu,
kibonye, na chipu ya miguu minane
iliyochomekwa kwenye sponji nyeusi
kama buibui aliyeambiwa asubiri.

Meza sina. Nimetandaza gazeti
juu ya ubao wa kupigia pasi,
na pasi ya leo ni hii nyembamba, ncha kama kalamu,
joto nyuzi mia tatu na hamsini.
Nje, Dundee inanyesha ile mvua isiyoanguka,
inayosukumwa na upepo wa mto Tay
hadi ikupapase uso.

Naanza na rezista.
Chungwa, chungwa, kahawia: nazisoma kwa sauti
kama mtoto asomaye irabu.
Nakunja miguu, napenyeza, nageuza kibao.
Shaba ipashwe kwanza, ndipo ilishwe lehemu;
ukitanguliza lehemu itajiviringa,
itasusa.
Moja, mbili. Ondoa.
Kiungo kizuri hung'aa kama jicho la samaki wa asubuhi.
Vyangu vitatu vya kwanza ni macho ya samaki wa juzi.
Navipasha tena.

Moshi unapanda, unanukia ubani,
ubani wa kimaskini, utomvu wa msonobari,
nami nafungua dirisha mbiombio
kwa sababu ya Jumapili ile.

Jumapili ile niliunguza vitunguu.
King'ora cha moshi kikalia ngazi nzima:
Salha akatoka na taulo kichwani,
vijana wa juu wakatoka pekupeku, mbwa wao akatoka.
Mlango wa chini, kushoto, haukufunguka.
Isobel, miaka themanini na minne,
alikuwa na chai yake, anasoma maandishi ya televisheni,
hakusikia hata moto ambao, kwa bahati, haukuwepo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa.
Lakini mgeni ataingiaje
nyumba ambayo hodi haifiki?
Mara ngapi nimebisha pale hadi vifundo vikauma,
nikaita mara tatu, nikaondoka
kama adabu inavyotaka.

Chipu niliiacha mwisho.
Miguu minane, viungo vinane, vyote vinang'aa. Nikatia betri.
Giza.
Nikaigusa: ya moto kama paji la mtoto mgonjwa.
Kitone kile cha pembeni, kinachoonyesha mguu wa kwanza,
kilikuwa kimetazama upande wa pili.
Nikatukana kwa lugha ambayo jengo hili
hakuna aijuaye ila Salha,
naye akacheka huko bafuni.

Kuing'oa ni saa nzima.
Utepe wa shaba unanyonya lehemu, mguu baada ya mguu,
na huenda nimekwisha kuiua.
Saa tano na robo usiku naigeuza, nalehemu upya,
mikono imetulia
kwa kuwa haina tena cha kupoteza.

Kibonye.
Taa ikakonyeza mara mbili.
Ndivyo walivyoifundisha kiwandani, mbili mbili,
wala hawakujua
kwamba hodi ina silabi mbili.

Jumamosi nilipitisha karatasi chini ya mlango wake,
herufi kubwa. Akafungua.
Nikatandika waya kwenye fremu,
taa nikaigandisha juu ya televisheni.
Miezi minne, aliniambia, akinishikia mkasi,
miezi minne hakuna aliyebisha.
Sikumjibu. Waya ulikuwa mfupi kidogo,
nikauvuta.

Kisha nikatoka, nikafunga mlango,
nikabonyeza.
Kwenye kioo chenye ukungu: wekundu, wekundu.
Sapatu zikaja polepole.
Akafungua
kama vile hajaniona leo.