Kifungu cha Saba

Mkate wa kwanza hutoka saa kumi alfajiri
hapa Bondeni, Nakuru, na mimi sijalala.
Mbele yangu karatasi ya sera, ina unga pembeni.
Nimeandika *likizo*, nikaifuta.
Nani alipumzika, chuchu imepasuka,
na mtoto hajui usiku ni wa kulala?

Nimeandika *ruhusa*. Nayo nikaifuta.
Mimba haiji ofisini kuniomba sahihi.

Mwaka ule nilikuwa kibarua wa watu, kule karibu na reli.
Siku ya kumi na tisa nilirudi kukanda.
Maziwa yakavuja, yakalowesha aproni.
Msimamizi akauliza, "Umemwaga nini?"
Nikasema maji.

Sasa Jebiwott ana miezi minane
na daftari la mishahara ni langu.
Nimepiga hesabu mara tatu: mtu wa kushika zamu yake,
bei ya ngano, tanuri linalodai fundi.
Hesabu inakataa.
Nimeirudia, nikaliahirisha gari la pili hadi mwakani.
Ikakubali, kwa kununa.

Kisha Wanyonyi wa tanurini akachungulia:
"Mama, na sisi je? Wangu anazaliwa Agosti."
Nilitaka kucheka. Lakini neno *mzazi*
halina ndevu, halina matiti.
Nikaliandika hivyo hivyo, peke yake, mstari mzima.

Siku ngapi? Hapo kalamu imesimama,
na zamu ya asubuhi inagonga mlango.