Elfu na Mia Nne

Kila siku, elfu moja na mia nne.
Kabla sijanywa chai pale Kiborloni,
kabla sijakata kamba za belo
na kuyatikisa mashati ya watu wa nchi za baridi,
natuma kwanza hiyo.
Nisipotuma, saa kumi na mbili jioni
simu inajifunga yenyewe:
kufuli jeupe katikati ya kioo,
na mwalimu Kileo anabaki ndani.

Maana mwalimu anaishi humo.
Mchana simu ni yangu: wateja, wadeni,
shemeji wa Same asiyejua kusalimia bila kuomba,
picha za suruali ninazowatumia akina mama wa Machame
wanijibu, "punguza kidogo."
Saa mbili usiku naitoa mfukoni,
namkabidhi Aikande.
Anaipangusa kwa pindo la kanga ya mama yake,
anaiegemeza kwenye kopo la majani ya chai,
na chumba chetu cha Pasua kinakuwa kidato cha pili.

Kioo kina ufa, tangu kilipoangukia ngazi za soko.
Ilipokuja ramani ya Afrika
ufa ulikatiza Kongo, ukashuka hadi Angola,
na mwanangu akauchora daftarini, akaupaka buluu.
Nimeiona alama ya kuuliza ya mwalimu,
nyekundu, kubwa,
kando ya mto usiojulikana.

Mimi huwa nakaa ukingoni mwa kitanda
nakunja mashati yaliyokwisha kukunjwa.
Usiku ule akachomoa waya wa sikio lake la kushoto:
"Sogea, baba."
Nikasogea. Kichwa kwa kichwa, kama ng'ombe wa nira.
Sauti ya Kileo ikaingia, na nyuma yake
mvua inapiga bati.
Nikajua Uru inanyesha.
"Riba," alisema, "ni kodi ya pesa ya mtu.
Unakaa ndani ya pesa yake, unamlipa."
Mimi niliishia darasa la saba.
Hakuna aliyewahi kunieleza jambo
bila kutaka ninunue kitu.

Somo likaisha kabla ya bando.
Aikande akachana karatasi ya mfuko wa sukari.
"Baba, simu hii taslimu ilikuwa bei gani?"
Laki mbili na themanini.
"Ukatanguliza?"
Hamsini.
"Na kila siku, mwaka mzima?"
Unajua.
Penseli ikakwaruza. Mama yake akageuka upande wa ukuta,
hakuwa amelala.
"Laki tano, sitini na moja elfu," alisema mtoto.
"Baba, umenunua simu mbili,
tukapewa moja."
Elfu moja iliyozidi je?
Akafikiri.
"Hiyo labda ya mfuko wa kubebea."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Halafu sikucheka.

Wiki ya pili ya Aprili barabara ya soko ilikuwa tope.
Mashati yalishinda yamening'inia, yakinitazama.
Sikuuza hata soksi.
Saa kumi na mbili nilikuwa bado njiani
nilipohisi mfukoni mtetemo mmoja, mfupi,
kama mtu anayefunga mlango kwa adabu.

Aikande aliliona lile kufuli, hakusema.
Aliiegemeza simu kwenye kopo, palepale pake,
akafungua daftari mbele yake.
Mtihani ni Novemba, nikajisemea, Novemba ni mbali.
Halafu nikasikia koo langu linajisafisha.
"Riba," nilisema, kwa sauti ya Kileo,
"ni kodi ya pesa ya mtu."
Akaandika. Kweli akaandika.
"Endelea," alisema.
Sikuwa na la kuendelea.

Asubuhi niliuza shati moja la mistari, elfu mbili.
Nikatuma elfu na mia nne.
Mia sita nikanywa chai.