Kiatu Kinachopumua

Nilivinunua Majengo mwezi wa kumi,
jua limekaa juu ya mabati kama mdai asiyeondoka.
Njiku alivitoa chini ya meza, vimefungwa gazeti:
buti fupi, rangi ya zambarau iliyoiva,
kisigino cha staha, zipu ubavuni,
mshono mwembamba kama nyusi zilizochongwa.
"Maji hayaingii, dada. Jasho linatoka.
Kiatu hiki kinapumua."
Muuza vitunguu wa jirani akacheka hadi akaegemea gunia:
"Kiatu cha mvua! Dodoma hii!
Si bora ungenunua mtumbwi?"

Nikalipa elfu arobaini na tano.
Kicheko nilipewa nyongeza.

Novemba vikakaa chini ya kitanda.
Desemba vikakaa chini ya kitanda.
Vumbi likaingia kwenye boksi kwa njia linayoijua lenyewe.
Usiku mmoja wa joto nikafunua,
nikanusa gundi na ngozi, nikawaza:
vinapumua, sawa, lakini vinapumua nini huku?

Nilipovipeleka Handali, baba alivikagua kama mbuzi wa mnadani:
akakunja soli, akapapasa ulimi,
kisha akaweka kimoja sikioni.
Akanyamaza.
"Sechelela," akasema, "huyu wako amekufa."
Mama akaangusha mwiko.

Baba haingii shambani na kiatu.
Katambuga zake za tairi huziacha ukingoni,
moja juu ya nyingine, kama walevi wawili.
Magaga yake ni ya kina;
ufa mmoja unaweza kumeza punje ya uwele
na usiidai tena.

Mvua ikaja Januari, saa kumi jioni,
kutoka upande wa Mpwapwa, bila hodi:
kwanza harufu, kisha kelele, kisha ukuta.
Korongo lililokuwa njia ya ng'ombe asubuhi
likashuka na kuni, na beseni,
na ndala moja ya mtoto.

Nikavaa. Zipu ikapanda.
Nikaingia dimbwini kwa makusudi
nikasimama humo.
Maji yakazunguka, yakatafuta mlango,
yakagonga mshono kwa mshono, yakarudi.
Ndani, soksi kavu.
Vidole vyangu vilikaa kama wageni sebuleni
wakisikia ngoma ya harusi inapita barabarani.

Njiku hakusema uongo. Nilitaka hata kumpigia simu.

Baba alikuwa katikati ya shamba,
suruali imekunjwa hadi gotini.
Hakuwa anatembea. Alikuwa anasoma.
Alizamisha kisigino, akakizungusha, akangoja.
"Imefika wapi?" akaniuliza.

Nami, bibi shamba mwenye cheti,
mwenye kipimo cha mvua pale ofisini Chamwino,
nikatazama viatu vyangu vizuri
visivyo na habari yoyote.

"Sijui."

Akasukuma kidole gumba topeni, taratibu,
kama anayeonja mboga:
"Juu maji. Katikati uji.
Chini bado kugumu, na joto la jana limo.
Uwele usubiri. Ikirudi kesho kutwa, tutaona."

Jioni ofisi ikanitumia ujumbe: milimita kumi na nane.
Nikamsomea. Akatikisa kichwa kwa upole,
kama unavyomwitikia mtoto
aliyetaja jina la kijiji chake bila kukosea.

Nikavifuta tope kwa kitambaa,
nikaviweka mlangoni kando ya katambuga.

Alfajiri, nikienda msalani,
nikamkuta baba ameketi kizingitini,
mguu mmoja umeingia nusu,
zipu wazi, kisigino kimegoma.
"Mbukwa," nikasema.
Akashtuka kama mwizi wa sukari.
"Nilitaka tu kujua huko ndani kukoje."

"Kukoje?"

Akaufikiria ule mguu wake, muda mrefu,
huku matone yakianza tena, machache, kwenye bati.

"Kuzuri," akasema. "Kuzuri sana.
Ila kimya,
kama kanisani Jumatatu."